Ukikosa Mkutano Shamba, Mtafute Mtu Mmoja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wilaya ya Micheweni aliniandikia: "Ami, nataka kuacha pombe. Huku kwetu shamba hakuna mkutano wa wanaoacha pombe. Kwenda mjini nauli sina, na nikionekana tu, jioni kijiji kizima kishajua. Nifanyeje?" Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Miaka 6 nyuma ningeuandika mimi, neno kwa neno.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, kaskazini ya Pemba. Nimelewa miaka 11. Nilianza na tembo la mnazi, nikaishia kwenye gongo. Msimu wa karafuu ndio ulionimaliza, maana wachumaji wana fedha, wavuvi wana fedha, na fundi analipwa papo hapo. Idi moja ndugu yangu wa tumbo moja aliwapa mkono watu wote barazani, mmoja baada ya mmoja, akaniruka mimi. Leo tunakula sinia moja, lakini mkono ule bado unaniuma.

Safari yangu ya kwanza ya mkutano nilimdanganya mke wangu kwamba nakwenda Unguja kununua vipuri. Ndani ya gari akaja kukaa ubavuni mwangu mzee wa shehia yetu. "Safari ya wapi, mwanangu?" "Vipuri, mzee." Njia nzima moyo ukinidunda kama mwizi.

Unguja, rafiki mmoja wa mjini alinifikisha kwenye soba hausi, nyumba wanamokaa watu wanaoacha ulevi. Nilikuta vijana wengi, na karibu wote walikuwa wa unga, yaani dawa za kulevya. Wa pombe hawakuzidi watatu. Nikajisemea hapa si pangu, nikakaa karibu na mlango ili nipate kutoka. Akasimama baba mmoja mtu mzima, akataja jina lake, akasema kwamba chupa yake alikuwa akiificha nyuma ya pipa la maji ya kutawadhia. Yangu mimi nilikuwa naificha ndani ya boksi la spana. Nikalia mbele ya watu nisiowajua. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi mtoto wa nani. Aliyekulia Pemba atajua neno hilo lina uzito gani.

Lakini bahari haivukwi kila wiki. Nilikwenda mara 4, fedha zikaniishia, na mwezi wa tatu nikateleza siku mbili mfululizo. Nikaona nimerudi nilikotoka.

Kilichoniokoa ni kisa nilichokisikia kulekule mkutanoni. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, mlevi aliyekuwa ameacha pombe karibuni tu, alikuwa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Kazi iliyompeleka imemharibikia, na baa ya hoteli iko hatua chache mbele yake. Akaiendea simu. Akawapigia viongozi wa makanisa akiomba aonyeshwe mlevi wa kuzungumza naye, mpaka akafikishwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji. Hapo ndipo ilipoanza Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Na mpaka leo wenyewe wanasema, walevi wawili au watatu wakikaa pamoja kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kundi. Ada hakuna. Sharti la kuingia ni kutaka kuacha tu.

Basi nikamfuata mvuvi niliyekuwa nikinywa naye. Nikamwambia, "Bwana, mie nimechoka." Alinyamaza muda mrefu, akichambua nyavu. Kisha akasema, "Mie nimechoka zamani. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Tukaanza kukaa kila Jumamosi baada ya Alasiri, kwenye karakana yangu. Anayepita njiani anadhani tunazungumza mashine. Leo tuko 5, na katika miaka yote hii halijatoka nje neno hata moja. Hilo najivunia kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza kwa mikono yangu.

Kwa hiyo, kijana wangu, usingoje mkutano ukufuate. Mtafute mmoja. Unamjua, maana ulikuwa ukinywa naye. Kama ni wa kijiji cha pili na mnaona haya, pigianeni simu kila siku mpaka haya iondoke. Lakini kabla ya hayo yote, kama unakunywa kila siku, usiache ghafla peke yako chumbani. Siku mbili tatu za mwanzo mwili unaweza kutetemeka, ukaona visivyokuwepo, hata ukaanguka kifafa, na watu hufa hivyo. Nenda hospitali, umwambie daktari unakunywa kiasi gani, wala usimfiche hata kikombe kimoja.

Watakwambia pia kwamba toba inatosha. Mimi nimetubu mara nyingi, kwa machozi ya kweli, na sala ndiyo iliyonishika mpaka leo. Lakini nilihitaji na mja mwenzangu wa kuniuliza Jumamosi, "Wiki umeshindaje?" na nisiweze kumdanganya, kwa kuwa uongo wangu wote anaujua, alikuwa akiusema na yeye.

Haya ndiyo niliyomjibu. Alikaa kimya siku mbili, nikaanza kuogopa. Juzi usiku akaniandikia: "Ami, gari ya mwisho ya kurudi huku ni saa ngapi?" Nimemwambia asishughulike na gari. Jumamosi nitamrudisha mwenyewe kwa pikipiki, nimshushe kabla ya kufika kijijini kwao, pale atakapotaka yeye.