Usitegue kitendawili kabla hujapewa mji

Nafundisha kipaimara na kuongoza kipindi cha Biblia cha watu wazima, Jumatano jioni, katika kanisa moja la Moravian huku Uporoto, upande wa barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Siku nyingine zote nalima viazi. Walimu wenzangu, nataka niwasimulie nilivyouharibu mfano mmoja wa Yesu, ule wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Mathayo 20. Nahisi sikuwa peke yangu.

Ilikuwa wakati wa palizi. Waliohudhuria walikuwa kumi na wawili hivi, wengi wao vibarua waliopitiliza kanisani kutoka shambani, buti zimejaa matope, sweta zimelowa manyunyu. Nikawasomea. Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua, wanapatana dinari moja kwa kutwa, na dinari ndiyo ilikuwa pesa ya kawaida ya kibarua kwa siku nzima. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Hapa sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo wengine hawana. Wayahudi walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kama sisi, kwa hiyo saa kumi na moja ya Mathayo ni saa kumi na moja yetu hii hii: ng'ombe wanarudi, moshi umeanza kutoka jikoni, imebaki saa moja giza liingie. Hakuna hesabu ya kupiga.

Jioni tajiri anamwambia msimamizi alipe, aanzie waliokuja mwisho. Wa saa kumi na moja wanapewa dinari nzima. Wa alfajiri wanaona, wanajua leo ni leo. Wanapewa dinari ile ile.

Nilipofika hapo sikupumua. Nikashika chaki, nikaandika ubaoni NEEMA, nikaanza kueleza kwamba Mungu hapimi kwa mizani yetu, kwamba anayeokoka uzeeni na aliyeokoka utotoni wote ni sawa mbele zake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha kijana mmoja kibarua, aliyekaa karibu na mlango, akauliza, "Mwalimu, huyu tajiri kesho alfajiri akienda pale sokoni atamkuta nani?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Akaendelea, "Mimi ningelala, nikanywa chai yangu, nikatokea saa kumi na nusu na jembe begani."

Nikamkata. Nikamwambia hatujadili kilimo hapa, tunajadili ufalme wa mbinguni. Akainamisha kichwa, akawa anakwangua tope kwenye buti kwa kijiti. Jumatano iliyofuata hakuja. Na nyingine tena hakuja.

Ilinichukua muda kukubali kwamba kati ya wale kumi na wawili, aliyeusikia mfano ni yeye. Msome tena mstari wa 12: wa alfajiri wanalalamika kwamba hawa wa mwisho wamefanya kazi saa moja tu, nawe umewasawazisha na sisi tuliostahimili taabu na hari za mchana kutwa. Kijana wangu alikuwa anasema maneno yale yale kwa lugha ya Uporoto. Yesu aliitunga hadithi ili mtu wa namna hiyo atoe sauti, na alipotoa sauti mimi nikamziba mdomo.

Kama huamini kwamba ilitungwa kwa makusudi, tazama zamu ya malipo. Mimi ni mlipaji, najua. Wakati wa palizi nalipa kwa kutwa, na kuna mama mmoja mtu mzima ambaye mikono yake haiendi tena haraka. Humaliza nusu ya ngwe wenzake wakiwa wamemaliza mbili. Nampa pesa kamili. Lakini nampa lini? Wengine wakishaondoka, nyuma ya nyumba, nikiwa nimeikunja ndogo kiganjani. Kila mkulima mwenye akili hufanya hivyo. Ukimlipa mbele za watu, kesho huna kibarua. Tajiri wa Mathayo angeweza kuwalipa wa alfajiri kwanza. Wangeshika dinari yao, wangeshukuru, wangekwenda zao bila kujua lolote. Yeye akawafanya wasubiri kwenye foleni, waone. Hakuna mkulima anayelipa hivyo, ila msimulizi anayetaka wasikilizaji wake wakasirike.

Na wasikilizaji wake hasa walikuwa nani? Rudi nyuma mistari michache, sura ya 19. Petro ametoka kuuliza: sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi? Huyo ni wa alfajiri, anaulizia malipo yake. Yesu anamwahidi mengi, kisha anamtegea huu mfano. Kwa miaka nimeufundisha nikianzia sura ya 20 mstari wa kwanza, kwa sababu Biblia zetu zimeweka namba pale, na Petro akawa hayumo kabisa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo sana: kabla hujafundisha mfano wowote, tafuta nani aliuliza nini. Wa Msamaria mwema ulitokana na mwanasheria aliyeuliza jirani yangu ni nani, na mwishoni akalazimika kujijibu mwenyewe. Wa wadeni wawili, mmoja wa dinari 500 na mwingine wa 50, ulisimuliwa nyumbani kwa Simoni Farisayo, chakula kikiwa mezani, baada ya Simoni kumhukumu mama mmoja moyoni.

Bibi yangu alikuwa mtu wa vitendawili. Jioni akisema "Kitendawili!" tunaitikia "Tega!" Tukishindwa, hakusema jibu. Alidai mji. Tulimpa Tukuyu, akaikataa, anasema huko mvua haikatiki. Tulimpa Iringa, Dar es Salaam, mpaka akubali mmoja, aende akale na kunywa huko, ndipo arudi na jibu. Wakati huo wote sisi tunaumiza vichwa, na jibu lilipokuja lilituingia kama maji kwenye udongo uliopasuka. Mwalimu anayesoma mfano na kuueleza papo hapo ni sawa na mtu anayetega na kutegua kwa pumzi moja. Nani atacheza naye?

Najua atakayenijibu: mbona Yesu mwenyewe alieleza mfano wa mpanzi, akaeleza na magugu? Alieleza. Lakini soma Mathayo 13:36. Umati umeshaondoka, wameingia nyumbani, na wanafunzi ndio waliomwendea wakimwomba awafafanulie ule wa magugu. Wamempa mji. Ule wa shamba la mizabibu hakuna aliyeuomba ufafanuzi, naye hakuutoa. Hadithi yenyewe inaishia kwenye swali: au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema? Yule kibarua hajibu. Hatuambiwi kama aliichukua dinari yake au aliitupa chini. Na waliousikia, je, walielewa? Sura haijaisha, mama wa wana wa Zebedayo, wanafunzi wake wawili, anakuja kuwaombea wanawe viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Sijui kama kuna mwalimu aliyewahi kuvunjwa moyo haraka hivyo. Wala hakurudi nyuma kuwakumbusha mfano.

Sisi tuliopita kipaimara tumezoea katekisimu, swali juu, jibu limechapwa chini yake, ukikariri umefaulu. Sidharau, mpaka leo nayakumbuka majibu yangu. Ila ile mazoea tunaibeba mpaka kwenye mifano, ambako jibu halikuchapwa.

Kitu kingine nilikikosa jioni ile, na alinipa mwingine. Baada ya sala ya kufunga, yule mama wa ngwe nusu alibaki akinisaidia kufunga madirisha. Akasema, bila kunitazama, "Mwalimu, wale wa mwisho hawakuwa wamechelewa kuamka." Nikamuuliza amejuaje. Akasema amesimama sana pale njia panda na mtoto mgongoni. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, inafika, nyapara anashuka, anashika mikono ya watu, anageuza viganja, anachukua vijana. Gari ikiondoka unabaki. "Na huwezi kurudi nyumbani asubuhi, watoto watajua hujapata. Unasimama tu."

Mstari wa 7 upo pale pale. Wanaulizwa mbona mmesimama mchana kutwa bila kazi, wanajibu: kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri. Nimeusoma tangu utoto nikifikiri ni kisingizio.

Baada ya hapo nilibadilisha. Nasoma mpaka mstari wa 15, nafunga Biblia, nanyamaza. Niseme ukweli, mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Dakika nzima mvua inapiga bati, watu wanatazama viatu vyao, mzee mmoja akadhani nimemaliza, akasimama kuomba, tukaenda nyumbani. Mara ya pili nilijifunza kuuliza swali moja jepesi kabla ya kunyamaza: wewe ulifika saa ngapi? Hapo midomo hufunguka. Wengi hujiweka alfajiri, na wenzao huwarekebisha.

Usibadilishe namba za hadithi ili zifanane na za kwenu. Saa na malipo ndiyo mtego wenyewe. Mazingira badili upendavyo. Wengi wetu huku hatujawahi kuona mzabibu, zabibu tunaletewa kutoka Dodoma, basi mimi nasema shamba la viazi na hakuna aliyelalamika. Na akitokea mtu wa kupinga, hata akipinga kwa mzaha, mpe nafasi aseme mpaka mwisho. Usimjibu wewe. Waache walio kando yake wamjibu.

Yule kijana nilimfuata nyumbani kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alicheka, akasema alikuwa amepata kibarua Kiwira. Siku hizi ndiye nyapara wangu. Jumamosi iliyopita, vibarua wamejipanga ukutani na mimi nahesabu noti, alinisogelea na daftari la majina, akaniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mwalimu, leo unaanzia wapi?"