Sema unakotoka, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema walimu waliwapeleka kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, huko Uholanzi, alfajiri, mkatazama matoroli yakipita chini yenu, na mwenyeji akaonyesha ndoo za waridi akasema zimetoka Kenya. Wenzako wakapiga picha, wewe ukanyamaza. Kesho mnazuru kampuni inayonunua maua hayo, na unaniuliza: "Mama, niseme kwamba ulifanya kazi ya maua Naivasha, au nikae tu kama mwanafunzi wa biashara?"

Sema. Usiseme ili wakuonee huruma. Sema kwa sababu yapo maswali ambayo wenzako hawawezi kuyauliza, na wewe unaweza.

Nilisimama kwenye meza ya kupanga maua miaka kumi na mmoja. Shina unalilaza kwenye ubao wenye alama: sentimita 40, 50, 60. Unapukuta majani ya chini, unakagua kichwa kama kina doa la ukungu, unapanga shada vichwa vikae sawa, unafunga mpira, unakata miisho ilingane. Doa likiwa dogo kama punje ya wimbi, shada linarudishwa. Kisha chumba cha baridi, lori la baridi, uwanja wa ndege Nairobi. Kazi yote hiyo, halafu bei inaamuliwa kwa sekunde chache. Saa ile ya mnada mliyoiona, inayoonyesha bei, huanzia bei ya juu na kushuka, na mnunuzi anayebonyeza kitufe kwanza ndiye anayechukua. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani ni kama sokoni kwetu, mama mboga anapoanza na mia na kushuka. Lakini mama mboga yupo pale mwenyewe, na bei isipomridhisha anafunika sukuma wiki yake anaenda zake. Ua likishafika Uholanzi halirudi Naivasha.

Ndiyo maana swali la kwanza uwaulize hili: mzigo ukiharibika au ukikosa mnunuzi, hasara anaibeba nani?

Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ililipuka kule Aisilandi, na majivu yakafunga anga ya Ulaya karibu wiki nzima. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka tu kwamba nilishinda nyumbani. Chumba cha baridi kilijaa hadi mlangoni. Waridi halijui kama ndege zimesimama, linachanua tu, kwa hiyo tuliendelea kukata na kumwaga rundo nyuma ya banda. Siku ya tatu msimamizi akatuambia sisi vibarua tukae nyumbani hadi tuitwe, bila malipo. Unga wa wiki ile nilikopa dukani. Sijawahi kukueleza.

Waulize pia ni kiasi gani wananunua kwenye saa ya mnada, na kiasi gani kwa mkataba moja kwa moja na mashamba, kama yanavyofanya maduka makubwa. Mimi naupenda mkataba, kwa sababu shamba linajua mapema litahitaji mikono mingapi. Ila uulize bei ya mkataba inatajwa na nani kwanza.

Jambo moja katika ujumbe wako umelipita mbio: kwamba mnada ule, Royal FloraHolland, ni ushirika na wenyewe ni wakulima. Babu yako alipeleka maziwa kwenye ushirika maisha yake yote. Wakulima wa Aalsmeer walianza hivyohivyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, walipochoka kupangiwa bei na wachuuzi. Hilo liandike kwenye ripoti yako kabla ya hesabu za matoroli.

Na wakikuruhusu, inua shada moja la kwetu. Geuza, utazame chini kama mashina yamekatwa sawa na kama jani lolote limeachwa ndani ya maji. Kisha unipigie jioni uniambie. Nitakuwa nimeshafungia kuku.

Mama yako