Ajali ina miezi 14, mbona mwili wangu bado uko Kikatiti?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nauza vitenge soko la Mbuyuni, Moshi. Mwaka jana nilikuwa kwenye Coaster ya Arusha, ikapinduka maeneo ya Kikatiti. Mama tuliyekaa naye kiti kimoja alifariki, mimi nikavunjika mkono. Mwanangu wa miaka minane alikuwepo, hakuumia. Imeshapita miezi 14. Breki ikilia moyo unanienda mbio, mikono inakufa ganzi, naona ndiyo nafa. Usiku naota kioo kinapasuka. Mzigo wa Arusha naagizia watu, faida yote inaishia kwao. Mwezi uliopita mume wangu alinipandisha gari kwa nguvu, eti dawa ya moto ni moto. Nilishuka Kwa Sadala nikilia, na tangu hapo hata bodaboda siwezi. Nameza diazepamu kila usiku, nanunua tu duka la dawa, mwezi wa tano huu. Ndugu wanasema nishukuru Mungu, wengine wanasema marehemu ananifuata. Nitapona kweli? — Mama wa Pasua*

Marahaba, mwanangu. Marehemu wa watu hakufuati, amepumzika. Ulichonacho hospitalini kinaitwa msongo baada ya kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio la kutisha, na kinatibika hata baada ya miezi 14. Kustuka na kuota vibaya wiki chache baada ya ajali ni jambo la kawaida, na kwa wengi huisha taratibu. Hali hiyo ikivuka mwezi na kukukalia mpaka kazini, huo ni ugonjwa. Shukrani zako kwa Mungu hazihusiki hapo.

Siku ile ubongo ulishika kila kilichokuwepo, mlio wa breki, harufu ya dizeli, kioo, ukavihesabu vyote kuwa dalili za kifo, lakini haukuviandikia tarehe. Breki ya leo pale Mbuyuni kwake ni breki ya Kikatiti. Moyo unakwenda mbio ili misuli ipate damu ya kukimbilia. Unahema harakaraka, kabonidayoksaidi inapungua mno mwilini, na hapo ndipo ganzi na kizunguzungu vinapoingia. Hali hiyo inatisha sana ila haiui.

Sasa tuje Kwa Sadala, maana jibu lako liko pale. Mumeo alipatia dawa, akakosea kipimo. Hofu hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka yenyewe usipoikimbia, ingawa huchukua muda. Wewe uliteremka ikiwa kileleni. Nafuu ikaja papo hapo, na mwili ukajifunza kwamba umepona kwa sababu umeshuka. Ndiyo sababu kesho yake hata bodaboda ikakushinda. Na kila mzigo unaoagizia watu unaurudishia mwili somo lilelile.

Basi tutapanda ngazi. Chukua daftari, uandike mambo yote ya barabarani unayoyakwepa, kila moja ulipe alama za hofu, 0 hadi 10. Anza na la 3 au 4. Kwako huenda ikawa kukaa stendi ya Moshi ukitazama magari. Halafu kukaa ndani ya gari la jamaa lililosimama, injini inaunguruma. Kisha daladala ya hapo mjini, safari fupi. Halafu Kwa Sadala kwenda na kurudi, Bomang'ombe, njia panda ya KIA, na mwisho kabisa kupita Kikatiti mchana, ukiwa na mtu. Kila ngazi kaa mpaka alama zishuke nusu, mara nyingi dakika 30 hadi 60. Safari ikiwa fupi kuliko hapo, geuza na gari lilelile, urudie. Fanya siku nne au tano kwa wiki, maana ukienda mara moja tu kwa wiki mbili mwili unasahau. Usipande ngazi ya juu mpaka ile uliyopo ianze kukuchosha badala ya kukutisha. Ikikupita kimo, tafuta ya katikati, usiache kabisa.

Wengi huharibikiwa hapa: wanapanda gari, lakini wamefumba macho, au wana simu sikioni njia nzima, au wamebeba kidonge kwenye pochi "kwa tahadhari". Safari inaisha salama, mwili unakipa sifa kidonge. Hata sala, mwanangu, sali kabla ya kupanda na ukishashuka. Njiani tazama barabara. Na tusichanganye mambo: dereva akiwa anashindana na wenzake, kumwambia apunguze au kushuka siyo ugonjwa, ni akili. Panda gari lenye mikanda, ufunge.

Kupumua kujifunzie nyumbani, asubuhi na jioni dakika tano: vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa polepole hadi 6. Hesabu ya kutoa ndiyo yenye kazi. Ukiamka na ndoto ile, washa taa, weka miguu sakafuni, sema kwa sauti: leo ni Jumanne, niko Pasua, chumbani kwangu, ile ni ndoto. Unausaidia ubongo kuandika tarehe.

Kisa chenyewe cha siku ile, pamoja na yule mama, usikichimbue peke yako. Hicho kinataka mtaalamu. Nenda Mawenzi au KCMC, uliza kliniki ya afya ya akili, useme wazi: "Nilipata ajali, sasa siwezi kupanda gari." Omba wakupime damu na tezi ya shingo, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta moyo kwenda mbio na kutetemeka. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe kwa kawaida ni vikao 8 hadi 12. Vikao vya katikati vinauma kuliko vya kwanza, na watu wengi hukimbia hapo.

Diazepamu ndiyo inayonitia shaka kuliko gari. Haitibu kiwewe. Inailaza hofu kabla mwili haujajifunza chochote, na kwa miezi mitano umeshaizoea. Lakini usiiache ghafla leo! Kuikata kwa mkupuo kunaweza kuleta degedege. Beba pakiti, mwonyeshe daktari, akupunguzie kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Akiona unahitaji dawa, mara nyingi atafikiria setralini, dawa ya sonona na wasiwasi, au mwenzake wa kundi hilo. Hiyo huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi, na wiki ya kwanza inaweza kuleta kichefuchefu na wasiwasi zaidi. Wengi huitupa hapo, wakisema imewadhuru. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie kabla hajaandika. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mumeo mpe kazi mbili: akusindikize ngazi za juu, na asiulize "bado tu?" Hiyo ya pili itamshinda kidogo, mvumilie.

Umemtaja mtoto kwa mstari mmoja tu, ukasema hakuumia. Mtazame. Anarudia mchezo wa magari kugongana, amerudia kukojoa kitandani, anakung'ang'ania mlangoni? Mtoto wa miaka minane huyasema kwa njia hizo. Muulize anakumbuka nini, umsikilize bila kumsahihisha wala kumhimiza asahau. Akiwa na dalili, mpeleke nawe siku hiyohiyo. Hapo kwenu Moshi tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe imeshafanywa kwa watoto waliofiwa na wazazi, vikao 12 vya kikundi, na waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Ila usianze naye ngazi ya Kikatiti mpaka wewe mwenyewe uipite ukiwa umefumbua macho.