Jibu: Conan alipata ufalme lini?

Ndugu, umeuliza kama waandishi wa katuni walimfanya Conan, shujaa wa hadithi za kubuni, mfalme baada ya visa vya upanga na uchawi kuwaishia. La, mambo yalikuwa kinyume. Robert E. Howard, mwandishi aliyembuni, alipomtambulisha kwa wasomaji mnamo Desemba 1932, Conan alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha enzi cha Aquilonia, ufalme wa kubuni, baada ya kumpindua mfalme Numedides, na ujana wake wa wizi na uharamia ukaja kusimuliwa baadaye.

Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, ndiyo iliyoanza na Conan kijana, mwaka 1970, kwa maandishi ya Roy Thomas na michoro ya Barry Smith; mfululizo wa mfalme, wenye malkia Zenobia na mwana wao Conn, ulifunguliwa mwaka 1980. Mimi naupenda zaidi huo wa pili, ambao John Buscema aliuchora mwanzoni, kwa kuwa mfalme hawezi kutoroka usiku kama mwizi anapozidiwa, na watu aliowakomboa, kama Howard alivyoonyesha tangu kisa cha kwanza, wanaweza kumfukizia ubani wa kumbukumbu Numedides, dhalimu aliyewatesa.