Moshi hadi Mtwara kwa pikipiki: uliza maji kwanza

Mkuu, umeuliza kama pikipiki ya cc 150 inaweza kukutoa Moshi hadi Mtwara ukifuata pwani, na vivuko vinakuwaje ukiwa na mzigo. Inaweza. Njia hiyo nimeipita na mashine ya ukubwa huohuo, na injini haikunipa shida yoyote. Kazi iko kwenye ratiba. Sisi wa huku mlimani tumezoea kuhesabu kilomita, kumbe pwani mwenye saa ni bahari: maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50.

Hadi Segera, njia panda ya kwenda Tanga, sina mengi ya kukwambia, ila upepo. Kati ya Same na Mombo unakupiga ubavuni, na ukipishana na basi unasukumwa na kuvutwa kwa mpigo mmoja. Mzigo ukae chini na karibu na mwili. Lala Tanga.

Asubuhi shika Pangani, kama kilomita 50. Hapa ndipo penye kivuko cha kwenda Bweni, na hapa nitakaa kidogo. Usiku wa kabla yake muulize mvuvi yeyote kesho maji yanajaa saa ngapi. Maji yakiwa juu, unaingia kivukoni karibu sawasawa. Yakipwa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida mwezi ukiwa mchanga au mpevu, gati linabaki mteremko mkali wenye utelezi. Abiria wako ashuke atembee. Teremka kwa gia ya kwanza, tumia breki ya nyuma, ya mbele usiiguse, miguu yote miwili iwe tayari kukanyaga. Baharia ndiye anayepanga nani aingie lini. Msikilize hata kama umefika wa kwanza. Ukishapanda, zima injini, acha gia ndani, weka stendi ya pembeni, kisha simama ubavuni umeishika hadi ng'ambo. Stendi ya kati ni hatari, maana kivuko kikigusa gati kinashtua na pikipiki inalala juu ya watu.

Halafu tazama chini. Hayo ni maji ya kwetu: mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, inakuwa mto Pangani, unapita Korogwe na Hale, unaingia baharini hapohapo. Mimi huwa nafurahi sana kila nikiyavuka. Daraja la mita 525 limeanza kujengwa kuunganisha Pangani na Bweni, kwa hiyo anayetaka kuvuka kwa kivuko asikawie.

Kabla ya kuvuka jaza tangi Pangani, na beba maji ya kunywa. Nilipopita, Bweni, Tungamaa, Mkwaja hadi Mkange kulikuwa mchanga na udongo mweusi. Kiangazi ni safari tamu. Masika, Machi hadi Mei, usijaribu, udongo ule unajaa kwenye madigadi hadi tairi linagoma kuzunguka. Unapita pia jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na wanyama hawasomi mabango, kwa hiyo jioni usiwe barabarani. Hifadhini usikatize na pikipiki. Toka Mkange shika Miono hadi Mandera, utatokea barabara kuu ya Chalinze.

Dar nitapita haraka. Daraja la Nyerere la Kigamboni lipo tangu 2016, ila kivuko cha Magogoni ni kifupi na kinapendeza, mradi ukwepe saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Mto Rufiji nao zamani ulikuwa na kivuko; Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Hata hivyo usiichukulie barabara ya kusini poa. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ziliikata na magari yakakwama siku kadhaa. Kama mvua imenyesha sana, uliza madereva wa malori Kibiti kabla ya kusonga. Ukifika Nangurukuru kata kushoto uende Kilwa Masoko ulale huko, ukaone magofu ya Kilwa Kisiwani; pikipiki iache bara.

Lindi kuna kivuko cha Kitunda, Mtwara kuna cha Msangamkuu. Vyote ni vya wenyeji, vina watu, baiskeli na vikapu vya samaki, kwa hiyo egesha pembeni usizibe njia. Kila ukitoka kwenye maji ya chumvi, jioni osha cheni, spoku na breki kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, paka oili. Chumvi inakula cheni upesi kuliko vumbi lote la Moshi.

Ukitaka kugusa Msumbiji, kuna kivuko cha Kilambo kwenye mto Ruvuma. Beba pasipoti na kadi ya pikipiki yenye jina lako, na ulizia Mtwara mjini kabla ya kutoka, kwani kivuko kile nacho kinategemea kina cha maji.