Rulma za bwati ya Celica ya papa: soma nambari mpaka herufi ya mwisho

Juzi kijana mmoja wa Kolwezi kaniandikia hivi: "Yaya, nimefungua bwati ya vitesi ya gari yangu ya sport ya zamani, rulma zote zinalia, mu soko nimepata za dola nane, shimo linaingia sawasawa, nichukue?" Kwa wenzetu wa Dar: bwati ya vitesi ni giaboksi, vitesi ni gia, rulma ni beringi, yaya ni ndugu mkubwa, na njo ni ndiyo. Nikasoma hiyo meseji mara tatu. Shimo linaingia sawasawa. Hayo hayo maneno niliyasema mimi miaka mitatu iliyopita, nimesimama mbele ya duka na hela mkononi, na yakanimalizia bwati nzima. Sasa leo naandika kirefu, mnivumilie.

Gari yenyewe ni Celica ya 1978, ya marehemu papa. Wanaojua Toyota wanazijua zile za kizazi cha pili, injini mbele na nguvu inapelekwa magurudumu ya nyuma, kabla ya Celica kugeuzwa ivute kwa mbele mwaka 1985. Papa aliiacha nyuma ya nyumba kule Kamalondo, hapa Lubumbashi, chini ya mwembe, ikakaa mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Alipofariki yaya yangu mkubwa akasema mbele ya familia yote, "Ile chuma uuzishe kwa kilo, njo mwisho." Sikujibu kitu. Lakini lile neno lilinikaa tumboni, na mpaka leo nikilikumbuka bado linauma.

Mambo ya injini, rangi na nyaya za umeme nayaruka, ule ni mwaka mzima wa kuungua vidole tu. Twende kwenye bwati.

Mara ya kwanza tuliifungua na rafiki yangu, tukatoa rulma, nikazifunga kwenye kitambaa nikaenda nazo sokoni. Muuzaji akachukua moja, akaingiza kidole kwenye shimo, akaingiza kidole hicho hicho kwenye mpya, akasema ni ile ile. Boksi lilikuwa na jina kubwa la kiwanda kikubwa, linang'aa. Na mimi nikalinganisha tarakimu nne za mwanzo, zinafanana, nikalipa. Kwenye ile ya zamani baada ya tarakimu kulikuwa na herufi pia, nikaona zile ni alama za kiwanda tu, hazinihusu. Tukarudi garaje tukazipiga nyundo mpaka zikaingia. Nyundo, tena juu ya pete ya nje, wakati inayokazwa kwenye shafti ni pete ya ndani!

Miezi miwili tu. Niko barabara ya Likasi, nasikia mlio mwembamba kama wa mbu, kwenye vitesi ya pili upo, ya tatu upo, nikiweka ya nne unapungua karibu kuisha. Leo najua maana yake: kwenye bwati nyingi za aina hii vitesi ya nne inaenda moja kwa moja, shafti ya chini inazunguka bila kubeba mzigo, kwa hiyo kelele ikipungua kwenye ya nne tafuta ugonjwa kwenye rulma za shafti ya chini. Siku ile sikujua, nikaongeza muziki. Kabla sijafika Likasi rulma ikapasuka, shafti ikasogea, meno yakatafunana. Nilivutwa na kamba mpaka nyumbani, na yaya yangu alikuwa amesimama kwenye geti, hakusema neno hata moja, na hiyo iliniuma kuliko angesema.

Nilipofungua niliiosha ile rulma na petroli nikaitazama kwenye mwanga wa jua. Njia ya pete ya ndani ilikuwa imebanduka vipande vidogo vidogo kama magamba ya samaki, na kando yake vishimo vimepangana kwa nafasi sawa, kila kishimo sawasawa na mahali gololi ilipokaa siku ya nyundo. Nilikaa chini. Vile vishimo nilivitengeneza kwa mikono yangu.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja, papa wa jirani, maisha yake yote alifanya kazi ya kutengeneza mashine za migodini. Aliiweka rulma mezani, akavaa miwani, akaniambia "Mutoto, wewe ulisoma nusu." Akanifundisha na nimeandika kila kitu kwenye daftari. Tuseme umeona 6306. Ile 6 ya mwanzo ni rulma ya gololi za mstari mmoja, ya kawaida. Ile 3 ni ukubwa wa mwili wake. Zile mbili za mwisho, 06, zidisha mara tano, unapata shimo la milimita 30, na hesabu hii inakubali kuanzia 04 kwenda juu. Sasa chukua 6206: shimo ni 30 vilevile, lakini nje ni 62 na unene 16, wakati 6306 nje ni 72 na unene 19. Umeona kidole cha yule muuzaji kilipima nini? Kilipima shimo, basi.

Halafu herufi, na hapa njo penyewe. ZZ ina vifuniko vya bati pande mbili, 2RS ina vya mpira. Isiyo na herufi hizo iko wazi, na ndani ya bwati mara nyingi utakuta iliyo wazi kwa sababu mafuta ya bwati yanatakiwa yaingie yaioshe. N maana yake pete ya nje ina mfereji wa kushika sirklipu (kipete chembamba cha kufungia), NR inakuja na sirklipu yake. Kama ya zamani ina mfereji na mpya haina, iache, hata kama vipimo vingine vyote vinakubali, kwa sababu ile sirklipu ndiyo inazuia shafti isitembee mbele na nyuma. Na C3, rafiki zangu, C3! Inasema kati ya gololi na pete kuna nafasi kubwa kidogo kuliko ya kawaida. Ukiikaza pete ya ndani kwenye shafti inatanuka, halafu bwati ikipata moto inatanuka tena, ile nafasi inaliwa. Rulma ya kawaida mahali pa C3 inabanwa mpaka inaungua yenyewe. Zangu za kwanza hazikuwa na C3. Ya zamani ilikuwa imeandikwa, na mimi niliona ni mapambo. Ila usikimbilie kuweka C3 kila mahali pia, fuata iliyotoka.

Na ile boksi ya jina kubwa? Mzee alipitisha kitambaa chenye tina kwenye maandishi ya rulma, yakafutika. Watu wanatuuzia feki na tunashukuru kwa punguzo. SKF, ambao wanatengeneza rulma tangu 1907 kule Uswidi, wana programu ya simu inaitwa SKF Authenticate, unapiga picha za rulma na boksi unawatumia. Kwa gari za Kijapani mara nyingi ndani utakuta za viwanda vya Koyo, NSK au NTN, na hizo zinapatikana, usiniambie hazipatikani. Hapa Lubumbashi sisi ni watu wa migodi! Mikanda na pampu zote zile zinazunguka juu ya rulma, na kuna wanaouzia migodi, wana katalogi kwenye meza. Mimi niliacha maduka ya spea nikaenda kwao na nambari kamili kwenye karatasi. Nililipa dola 31 kwa moja. Linganisha na nane, kisha linganisha na bwati nzima.

Kuziweka safari hii sikugusa nyundo. Shafti iliingia kwenye frigo ya mama usiku mzima, kati ya samaki tomson, na mama alilalamika lakini aliacha. Asubuhi nikaweka mafuta safi kwenye sufuria juu ya mbabula (jiko la makaa), rulma ikaning'inia kwa waya isiguse chini, kipimajoto ndani, nikaishia digrii 100. Usipite 120, chuma inaharibika. Kwa glavu, nikaitelezesha, ikashuka yenyewe mpaka mwisho ikasema tuk. Niliishikilia imebana ukingo wa shafti mpaka ikapoa, kwa sababu ikipoa inajivuta na inaweza kuacha nafasi. Ile tuk nilisikia mpaka kifuani.

Pon ya nyuma (ekseli yenye difu) nagusia tu. Kule rulma ni za koni, koni na kikombe chake vinabadilishwa pamoja, usichanganye kipya na cha zamani. Pon nyingi zina kijibomba cha chuma kinachofinywa ukikaza nati, kikishafinywa hakirudi, nunua kipya. Na paka rangi kwenye meno uone yanagusana wapi kabla ya kufunga. Hapo usione haya kumlipa anayejua.

Vijana wenzangu, tunapenda gari ing'ae, tunapiga picha kwenye rimu, lakini kazi iko mahali ambapo hakuna atakayepiga picha. Muda huo mnaotafutia punguzo, mpeni mzee mwenye miwani, mpeni katalogi, mpeni kalipa ya kupimia. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimelipa.

Jumamosi iliyopita nilienda Likasi, kama kilomita 120, na yaya yangu kakaa kando yangu. Nilipita vitesi zote, redio imezimwa. Njia nzima hakusema kitu. Tulipofika njo akanyoosha mkono akaomba ufunguo, akasema kurudi ataendesha yeye.

Sasa wewe wa Kolwezi, zile za dola nane ziache hapo. Osha zako za zamani na petroli, ubavu uonekane, unitumie picha ya maandishi yote, na picha nyingine ya pete ya nje nione kama kuna mfereji. Kama herufi zimefutika, pima kwa kalipa shimo, nje na unene, uhesabu na gololi, uniandikie. Zile za zamani usitupe mpaka mpya zimeingia.