Muulize Fundi: Tableti inakwenda kisiwani

SWALI: Salaam aleikum kaka fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arua. Binti yetu amemaliza PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, mwezi wa kumi na moja, na baba yake alimwahidi kwamba akijitahidi tutampeleka visiwa vya Ssese, ndani ya ziwa Victoria, maana hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Anataka kwenda na tableti yake. Mimi sikatai, ila ndani yake kuna sauti za bibi yake mzaa baba, hadithi alizokuwa akimsimulia kwa Kilugbara, na bibi tumemzika mwaka huu. Jirani ananiambia niifunge kavera tu, yaani mfuko wa plastiki wa dukani, inatosha. Mwingine anasema ninunue ule mfuko usiopitisha maji wa kuning'iniza shingoni. Nishike lipi?
Mama wa mtahiniwa, Arua

JIBU: Aleikum salaam dada mwalimu, na poleni sana kwa msiba.

Tuanze na sauti za bibi. Kabla hujanunua mfuko, kabla hata hujakata tiketi ya basi, zitoe humo. Nendeni kwa mtu mwenye kompyuta, mnakili mafaili yote kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu, kisha mkae mzisikilize moja moja hadi mwisho. Nasisitiza hadi mwisho, kwa sababu faili huweza kuonekana limehama kumbe limekatika katikati, na hujui mpaka siku unayolihitaji. Flashi hiyo ibaki kabatini Arua. Kama mna bando, tuma nakala ya pili kwenye barua pepe ya baba yake. Kadi iliyobaki ndani ya tableti usiihesabu kuwa ni akiba, kwani tableti ikizama, nayo inazama. Mezani kwangu skrini hupatikana, betri hupatikana, hata bodi naweza kuitoa kwenye tableti nyingine iliyovunjika. Lakini nimeshamwambia mama mmoja kwamba picha za mwanawe hazipo tena, na uso wake sijausahau.

Sasa maji. Watu wengi huogopa tableti itatumbukia ziwani. Zilizoletwa kwangu zimetumbukia ziwani ni chache. Nyingi zililowa mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama: kwenye begi moja na taulo bichi, chini ya chupa ya maji iliyofungwa vibaya, mkononi mwa mtoto aliyetoka kuogelea akataka kuangalia picha kabla hajajifuta.

Tableti yangu mimi ililowa ndani ya kavera, hiyo hiyo anayokushauri jirani. Nilikuwa nakwenda Kalangala, huko huko Ssese, kwa mtumbwi wa injini kutoka mwalo wa Kasenyi. Nikaifunga kavera mbili, moja juu ya nyingine, nikaitia kwenye begi, begi nikalilaza miguuni. Mitumbwi ile ya mbao haikosi maji chini. Yupo kijana ambaye kazi yake njia nzima ni kuyachota kwa dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo. Nilimtazama akichota, nikaona mambo ni mazuri. Tulipofika nikafungua begi nikakuta chanuo langu mwenyewe limetoboa kavera zote mbili, kitundu cha kupita jino moja tu, na ndani maji yamejaa kama mfuko wa maziwa. Kavera ikishatoboka huyakaribisha maji na kuyashikilia. Ingekuwa kwenye begi bila kavera, pengine ingelowa ikachuruzika. Ile ililala ndani ya maji safari nzima.

Na bado haikuwa imekufa. Niliyeiua ni mimi, kwa sababu niliiwasha nione kama inafanya kazi.

Hapo, dada mwalimu, ndipo ninapotaka usome mara mbili. Maji peke yake huchukua muda kuharibu. Kinachoharibu haraka ni umeme wa betri ukipita ndani ya maji hayo: unaunganisha njia zisizopaswa kukutana, na unaila shaba. Niliporudi Kampala baada ya siku tatu nikaifungua. Kuzunguka tundu la chaji palikuwa na ungaunga wa kijani, laini, ukigusa kwa bisibisi unabanduka pamoja na miguu ya chuma iliyokuwa chini yake. Kile kibandiko cheupe ambacho watengenezaji wengi hukiweka ndani ili kionyeshe kama maji yameingia kilikuwa chekundu kabisa. Sikuweza kuirudisha, na mimi ni fundi.

Kwa safari yenu, piteni Nakiwogo, Entebbe, mpande feri ya MV Kalangala hadi Lutoboka, kisiwani. Ulizeni siku moja kabla kama inasafiri. Ni safari ya zaidi ya saa tatu, lakini mnakaa kwenye viti, juu, pakavu. Ikiwa mtapitia Masaka, ipo feri ya Bukakata hadi Luku, kisiwa hicho hicho. Mtumbwi wa injini uacheni. Hapo siwazii tableti tena, nawawazia nyinyi. Na hata kwenye feri jueni jaketi za kuokolea maisha ziko wapi kabla hamjaketi.

Mfuko wa shingoni ni mzuri ukiwa mzima na ukiwa saizi ya tableti. Mingi inayouzwa imekatwa kwa simu, na tableti inaingizwa kwa nguvu hadi mdomo haufungi sawasawa. Ukipata wa saizi yake, usiuamini kwa maneno ya muuzaji. Weka tishu kavu ndani, ufunge, uuzamishe kwenye beseni, uukandamize kwa jiwe laini, uache nusu saa. Ukiutoa, ufute nje kwanza, na wewe ukaushe mikono, maana maji ya mkononi mwako yakiidondokea tishu utaulaumu mfuko bure. Tishu ikiwa na doa hata moja, rudisha dukani.

Ila ningekuwa mimi, kwa mtoto wa umri huo ningenunua ule mfuko wa turubai la plastiki wanaobeba vijana wa mitumbwi kule Jinja, wenye mdomo wa kukunja. Mdomo hukunjwa mara tatu au nne ndipo ubane kifungo. Ukikunja mara moja umefanya kazi bure. Acha hewa kidogo ndani, ili ukianguka majini uelee. Huu nao upitie beseni. Ndani tia vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja kwenye viatu vipya, viwili au vitatu, kama havijapasuka. Vinanyonya unyevu, na visiwani unyevu haukosekani. Usiuache juani ufukweni, kwa kuwa ndani ya plastiki iliyofungwa joto hupanda upesi na betri ya lithiamu haipendi joto. Na taulo, nguo za kuogelea na chupa za maji ziwe na begi lao. Hilo la mabegi mawili halina gharama, na ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa kukushauri jambo moja tu.

Ikilowa hata hivyo, binti aijue kazi ya dakika ya kwanza bila kukutafuta wewe. Aizime kabisa, asiiache ikilala tu na skrini nyeusi. Avue kava, aifute, aishike tundu la chaji likitazama chini na kuigonga taratibu kiganjani. Asiitikise kwa nguvu, maji yatasambaa yalikokuwa hayajafika. Asiichaji. Asiipeleke jikoni kwenye moto wala kuipulizia mashine ya kukaushia nywele. Ikae kivulini penye upepo, wima, siku mbili ikiwezekana, na kama ilizama kabisa ije kwa fundi ikiwa imezimwa hivyo hivyo. Najua siku mbili kisiwani bila tableti ni nyingi kwa mtoto aliyetoka mtihani. Mpelekeni aone tumbili na miti mikubwa ya msitu.

SWALI: Fundi, mimi naongoza wageni kwa mitumbwi ya mpira hapa Jinja. Nina Galaxy Tab S9, na muuzaji alinihakikishia ni IP68, haiingii maji. Naweza kurekodi nayo wageni tukishuka maporomoko ya Itanda? Skrini nilibadilisha mwaka jana baada ya kupasuka.
Kijana wa mto, Jinja

JIBU: Usifanye hivyo, ndugu yangu. Tarakimu ya kwanza, 6, ni ya vumbi. Ya pili, 8, ni ya kuzamishwa, na kwa tableti yako maana yake ni maji safi yasiyo na chumvi, yaliyotulia, kina cha mita 1.5, dakika 30. Mto Nile pale Itanda unajua wewe kuliko mimi jinsi usivyotulia. Maji yanayopiga kwa kasi yana msukumo ambao beseni la kupimia halina, na yamebeba mchanga.

Lakini jibu lako hasa liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Kinachozuia maji ni gundi nyembamba inayozunguka skrini kiwandani. Fundi akishaifungua, gundi hiyo imekatwa, na kama hakuweka mpya ya aina yake na kuipima, una tableti ya kawaida yenye maandishi ya IP68. Ichukulie hivyo kuanzia leo. Mtoni nenda na kamera ndogo iliyotengenezewa maji, ifungwe kwenye helmeti, na tableti ibaki ufukweni ya kuonyeshea wageni picha baadaye mikono ikishakauka.

SWALI: Tableti ya mume wangu ilimwagikiwa na chai ya maziwa tukiwa likizo Bunyonyi. Nimeizika kwenye mchele siku nne, bado haiwaki. Niongeze siku?
Mama, Mbarara

JIBU: Usiongeze, mama. Itoe leo. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya kifaa kuliko hewa ya kawaida inavyoyakausha, na punje na vumbi lake huingia kwenye tundu la chaji. Mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaandikia wateja wake wasiweke simu zilizolowa kwenye mchele.

Tena yako ilimwagikiwa na chai, si maji. Sukari na maziwa yanapokauka hubaki juu ya bodi kama gundi, yakivuta unyevu na kula chuma, kwa hiyo kungoja ndiko kunakoidhuru. Tafuta fundi atakayekubali kuifungua mbele yako. Mwambie neno moja tangu mwanzo, kwamba ilikuwa chai yenye sukari, maana wengi huona aibu wakasema ni maji, na fundi anaosha nusu. Atenganishe betri kwanza. Kisha asafishe bodi kwa spiriti safi ya aiso-propili na brashi laini, si kwa petroli. Kama betri imevimba hata kidogo, asiirudishe, na wewe usiibebe nyumbani. Ikiwaka, usianze kuitumia. Siku hiyo hiyo toeni picha na mafaili yote, kwa sababu tableti iliyokunywa chai huweza kufanya kazi wiki mbili kisha ikazimika.